Wazee wa Wakanda walikuwa wapi?

Tangu filamu ya Black Panther itoke mwaka 2018, mabishano ni yaleyale: Killmonger, aliyempindua mfalme wa Wakanda, alikuwa na haki au hakuwa? Mimi wanaonisumbua ni wale wazee wanaokaa kimya kwenye baraza la mfalme. Wakanda, nchi ya kubuni, ina makabila matano: la mtoni, la mpakani, la wachimba madini, la wafanyabiashara, na Wajabari wa milimani waliojitenga na wenzao. Manne ya kwanza yana viti barazani. Lakini viti vya kufanyia nini?

Tuanze na aliyeharibu. Mwaka 1992, huko Oakland, Marekani, Mfalme T'Chaka alimuua ndugu yake N'Jobu, aliyekuwa amemsaidia mwizi Klaue kuiba madini ya vibraniamu. Tusimwonee: N'Jobu alikuwa amemwelekezea bastola Zuri, mpelelezi wa mfalme, na T'Chaka aliokoa maisha ya mtu. Balaa ilikuja baadaye. T'Chaka alimwacha hukohuko mtoto wa marehemu, ambaye ndiye Killmonger, akamfunga Zuri mdomo, akarudi nyumbani kana kwamba hakuna lililotokea.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Wajibu wa kwanza wa mtawala ni watu wake, na usiri ndio ulioiokoa Wakanda isitawaliwe na wageni. Historia ya kweli inawapa nguvu. Mangi (yaani chifu) Rindi wa Moshi, Kilimanjaro, aliwakaribisha Wajerumani, na mwaka 1891 wakamsaidia kumpiga hasimu wake, Mangi Sina wa Kibosho. Haikupita miaka kumi, mwaka 1900, Wajerumani haohao walimnyonga Mangi Meli, mtoto wa Rindi. Urafiki wa baba haukumwokoa mwana. Ukiijua habari hiyo, huwezi kumcheka mfalme anayefunga mipaka.

Ninapoachana na watetezi hao ni hapa: kumficha mgeni madini ni jambo moja, kulificha baraza damu ya mwanaukoo ni jingine kabisa. Hilo la pili halikumlinda Mwakanda yeyote isipokuwa T'Chaka mwenyewe. Wazee nao wakaridhika. N'Jobu hakurudi kutoka ng'ambo, wakaambiwa ametoweka, zaidi ya miaka 20 ikapita hivyohivyo. Siri ilifumuka siku Killmonger alipoletwa mbele ya kiti akiwa amefungwa pingu, na mzee mmoja akamuuliza yeye ni nani. Swali moja tu! T'Challa, mwana wa T'Chaka aliyerithi kiti, alikuwa ameshaambiwa ukweli na Zuri, na hata hivyo alitaka kijana aondolewe haraka kabla hajajitaja. Tunampenda T'Challa, lakini siku hiyo alikuwa mtoto wa baba yake.

Kwa haki yao, wazee wa Wakanda wana silaha moja ya kumdhibiti mtawala. Siku ya kutawazwa, mfalme mtarajiwa hunyweshwa dawa inayomwondolea nguvu za Black Panther, husimama kwenye maporomoko ya maji, na kila kabila huulizwa kama lina mtu wa kupigana naye. Wapo wanaouona utaratibu huo kuwa ushenzi. Mimi naona una heshima yake: unamkumbusha mfalme kwamba bila dawa na mavazi yake yeye ni mtu kama wengine. Kasoro ni kwamba unapima misuli peke yake, na ukishapita wazee hawana siku nyingine ya kumuuliza mfalme. Killmonger alimshinda T'Challa kwa sheria hiyohiyo, akamtupa maporomokoni, akakalia kiti. Alipotangaza mpango wa kupeleka silaha New York, London na Hong Kong, aliyejaribu kumzuia kwa maneno alikuwa jemadari Okoye. Kabla ya hapo alikuwa ameamuru bustani ya mmea unaompa mfalme nguvu ichomwe, asije akapatikana mrithi. Sisi tunawajua wanaofuta ukomo wa mihula katika katiba. Huyu alitumia moto.

W'Kabi, kiongozi wa kabila la mpakani, anastahili lawama zaidi ya anazopewa. Wazazi wake waliuawa na Klaue, na T'Challa aliahidi kumleta, akarudi mikono mitupu. Killmonger akaja na maiti ya Klaue. Uchungu wa W'Kabi naufahamu, ila kiongozi anayekabidhi askari wa kabila zima kwa sababu kisasi chake binafsi kimelipwa amefanya biashara kwa roho za wengine. Vijana wa mpakani hawakuulizwa.

Mlinganishe na M'Baku wa Wajabari. Alipigana na T'Challa na kushindwa. T'Challa akamsihi akubali, kwani watu wake wanamhitaji, naye akameza aibu, akakubali. Baadaye familia ya kifalme inapopanda milimani kuomba msaada, kila mtu anashangaa: T'Challa yuko hai, kaokotwa na mvuvi wa Kijabari, na M'Baku amemtunza. Lakini anapoombwa jeshi, anakataa. Hatoi roho za Wajabari kwa ajili ya kiti ambacho kwa karne nyingi hakikuwahi kuwatembelea.

Kuna wanaomwita mbinafsi kwa jibu hilo, na hawajakosea kabisa. Kila mtawala akitazama mlima wake tu, mvamizi huwala mmoja mmoja, kama Kibosho na Moshi. Ila M'Baku alisema “hapana” waziwazi, akatoa na sababu yake, jambo ambalo wazee wanne wa barazani hawakuliweza. Na vita ilipowaka alishuka na askari wake, kwa uamuzi wake mwenyewe, bila kununuliwa. Ndiyo maana nguvu yake ya kukataa ina uzito: unajua akikubali amekubali kweli.

Katika filamu ya pili, ya mwaka 2022, T'Challa amefariki na M'Baku sasa ana sauti barazani. Yeye ndiye anayemwonya Shuri, dada yake T'Challa, kwamba kumuua Namor, mfalme wa taifa la chini ya bahari, kutaleta vita isiyo na mwisho. Kisha mwishoni anakwenda maporomokoni kukidai kiti. Namtakia heri. Lakini akikipata, barazani kutakuwa na nani wa kumwambia “hapana”?