Eti "haifikii ya kwanza"

Jamani hivi ni lazima kila katuni ikitoka sehemu ya pili mtu aje na wimbo ule ule? Juzi tumekaa sebuleni na watoto tunaangalia Inside Out 2, ile ya 2024, hata dakika kumi hazijaisha mjomba wao kashaanza, ooh ile ya 2015 ilinitoa machozi bwana, hii wanatafuta hela tu. Haya, hela wamepata, zaidi ya dola bilioni 1.6 dunia nzima, sasa tufanyeje, tuzime tivii? Ile ya kwanza Riley, yule binti ambaye hisia zake ndo wahusika wanaoishi kichwani mwake, ana miaka 11, huku ana 13, ndo anabalehe, kichwani kaingia hisia mpya, yule Wasiwasi wa rangi ya chungwa, anavuruga kila kitu, na pale mtoto wa watu anapobanwa mpaka pumzi inamkata binti yangu wa darasa la saba kanishika mkono kimyaaa. Mi nataka nimsikilize huyo aseme kaonaje, lakini wapi, mjomba bado anatoa maksi, na bisi zote kamaliza yeye.