Tiba ya akili na utamaduni: nini kibadilike, nini kibaki

Mwaka 1953 daktari Frantz Fanon alianza kazi katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Blida-Joinville, Algeria, nchi hiyo ikiwa bado mikononi mwa Ufaransa. Alikuja na njia aliyojifunza Ufaransa: wodi iendeshwe kama jamii ndogo, wagonjwa wafanye mikutano yao, watoe gazeti, watazame filamu na kuzijadili, waandae sherehe. Kwenye wodi ya wanawake wa Kizungu njia hiyo ilishika baada ya muda mfupi tu. Kwenye wodi ya wanaume Waislamu wa Algeria ilikwama. Mikutano ilipooza, na shughuli zilizowachangamsha wenzao hazikuwagusa. Mwaka uliofuata, yeye na mwenzake Jacques Azoulay waliandika waziwazi kwamba kosa lilikuwa lao: walichukua kilichofaa upande mmoja wakakipeleka upande wa pili bila kuuliza watu hao huishi vipi. Ukafunguliwa mkahawa ndani ya hospitali kwa mtindo wa wenyeji, sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa, msimulizi wa hadithi akaalikwa.

Kisa hiki hutajwa sana na wanaoamini kwamba kila jamii inahitaji saikolojia yake. Mimi nakikubali, ila naona husomwa nusu. Fanon hakuitupa kanuni aliyokuja nayo, kwamba mgonjwa hupata nafuu akirudishiwa nafasi ya kuishi kama mtu kati ya watu. Alibadilisha mahali na namna ya kuitekeleza. Mjadala wa leo kuhusu saikolojia tiba na ushauri nasaha unakwama papo hapo. Upande mmoja unatetea kanuni kana kwamba haihitaji umbo, upande wa pili unatetea umbo kana kwamba ndilo tiba yenyewe. Na pande zote mbili husahau kuuliza ni ugonjwa gani unaozungumziwa.

Hoja ya upande wa kwanza, wanaosema binadamu ni mmoja, si nyepesi. Skizofrenia (ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini yasiyo ya kweli) na baipola (ugonjwa wa hali ya moyo inayopanda na kushuka kupita kiasi) zimekutwa kila mahali zilikotafutwa, na dawa ya lithiamu humsaidia mgonjwa wa baipola bila kujali anasali wapi au anazungumza lugha gani. Kusema "kwetu ugonjwa huo haupo" kumewaacha watu wengi wakiteseka bila matibabu. Mwaka 1982 Arthur Kleinman, daktari wa akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, alichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 100 wa Hunan, China, ambao madaktari wao waliwaambia wana udhaifu wa neva, jina la uchovu wa mwili na akili lililotumika sana huko. Walilalamikia kuumwa kichwa, kizunguzungu, uchovu na kukosa usingizi. Kwa vigezo vya Kimarekani, 87 kati yao walikuwa na sonona, yaani huzuni nzito ya kudumu inayohesabiwa ugonjwa.

Wengi huishia kwenye takwimu hiyo, wakiona imemaliza ubishi. Utafiti wenyewe haukuishia hapo. Walipopewa dawa za sonona, wengi walipungukiwa na dalili, lakini wengi pia waliendelea kujihesabu wagonjwa, kwa sababu migogoro ya kazini na ya nyumbani, mingine ikiwa makovu ya Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya kisiasa ya Mao iliyowatesa wengi, ilikuwa palepale. Jina sahihi la ugonjwa liliwasaidia, ila sehemu kubwa ya kilichowaumiza ilibaki nje ya jina hilo.

Hapo ndipo wanaotetea utamaduni wanapopata nguvu. Tafiti nyingi zilizojenga saikolojia ya kisasa zilifanywa na wasomi wa nchi tajiri za Magharibi, kwa watu wa nchi hizohizo, mara nyingi wanafunzi wao wa chuo kikuu. Mtafiti Joseph Henrich na wenzake waliliweka jambo hili mezani mwaka 2010, na tangu hapo ni vigumu kudai kwa utulivu kwamba matokeo ya maabara moja yanamwakilisha binadamu mzima. Dodoso likiuliza kuhusu huzuni na hatia, na mgonjwa mateso yake anayasikia kichwani, kifuani na miguuni, atapata alama ndogo na kurudishwa nyumbani kwamba hana tatizo.

Mfano wa daktari wa akili Devon Hinton unaonyesha jambo hili kwa karibu kuliko wowote ninaoujua. Alikuwa akiwatibu wakimbizi wa Kambodia waliohamia Marekani baada ya kupitia utawala wa mauaji wa Khmer Rouge. Mgonjwa anasimama ghafla, anasikia kizunguzungu, shingo inakaza, na papo hapo anaamini kuna upepo unaopanda kutoka mikononi na miguuni kuelekea kichwani, na kwamba ukifika shingoni mishipa itapasuka. Hofu hiyo huongeza mapigo ya moyo, mapigo huongeza kizunguzungu, na kwa dakika chache anaona kifo. Mtaalamu asiyeuliza kuhusu shingo hataupata ugonjwa huu. Ataona mtu mwenye hofu, atamwambia moyo wake ni mzima, na mgonjwa ataondoka na hofu yake kwa sababu hakuna aliyeigusa. Hinton alitumia tiba ileile ya fikra na tabia inayojulikana duniani, inayomsaidia mtu kubadili mawazo na mazoea yanayomuumiza, ila akaifanya ianze na shingo na kizunguzungu. Mgonjwa huzungusha kichwa taratibu huku akiwaza ua la yungiyungi linaloyumba kwa upepo juu ya bua lake laini, picha ambayo watu hao wanaifahamu katika dini yao. Ndani ya zoezi hilo kuna mafunzo ya kuuzoesha mwili hisia unazoziogopa, ambayo mtaalamu yeyote wa tiba hiyo angeyatambua mara moja.

Ushahidi wenye nguvu zaidi nilioukuta unafuata mkondo huohuo. Kusini mwa Uganda, Paul Bolton na wenzake walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe ni matatizo gani waliyoyaona tangu UKIMWI uwakumbe. Wakaelezwa hali mbili zenye dalili zinazofanana sana na sonona. Ndipo wakachagua tiba ya vikundi inayoshughulikia mahusiano, iliyobuniwa Marekani, na kuifanyia kazi upya. Wanawake walikaa na wanawake, wanaume na wanaume, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa muda mfupi. Kwa kuwa haikuwa adabu kumsema vibaya marehemu, aliyefiwa hakuulizwa alimchukia vipi bali kama kuna nyakati marehemu alimvunja moyo. Vijiji vilivyopata tiba na visivyopata viligawanywa kwa bahati nasibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: baada ya wiki 16, waliobaki na sonona kali walikuwa asilimia 6.5 upande wa tiba na asilimia 54.7 upande wa pili. Huko Harare, Zimbabwe, mpango wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa na daktari wa akili Dixon Chibanda uliwaweka wahudumu wa afya wa jamii, wengi wao wakiwa mabibi wa makamo na wazee, kwenye benchi nje ya zahanati, wakitumia tiba ya kutatua matatizo hatua kwa hatua. Utafiti wa mwaka 2016, uliohusisha zahanati 24 na watu 573, ulikuta miezi sita baadaye dalili za sonona kwa asilimia 14 ya waliokaa kwenye benchi, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida.

Tiba hizi hazikupakuliwa kama zilivyo, na wala hazikubuniwa upya kutoka sifuri. Halafu zikapimwa kwa kipimo kikali kilekile ambacho dawa hupimwa nacho. Jambo la mwisho hilo nalisisitiza, kwa kuwa baadhi ya wanaotetea njia za kienyeji hukasirika wakiambiwa wapime, kana kwamba kupima ni ukoloni. Kumpa mgonjwa maskini tiba isiyopimwa, kwa heshima ya asili yake, ni kumdharau.

Watetezi hao nawapinga pia wanapolitamka neno utamaduni bila kusema ni la nani. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba watu wenye matatizo ya akili hufungwa minyororo au kufungiwa katika nchi zipatazo 60, wengine majumbani mwa ndugu zao, wengine kwenye vituo vya maombi na vya tiba za jadi. Hilo nalo lina mila za kulitetea. Fikiria pia binti wa miaka 19 aliyeletwa kwa mshauri nasaha na mama yake. Kila swali linaloulizwa, mama analijibu, na binti anatazama sakafu. Mshauri aliyesoma kwamba katika jamii hiyo familia huamua pamoja atamwacha mama aongee, akiamini anaheshimu mila. Kama anayemuumiza binti yumo humo nyumbani, heshima hiyo imemfungia mlango. Familia ikaribishwe, na mara nyingi ndiyo dawa kubwa kuliko zote, lakini mgonjwa lazima apate angalau nafasi moja ya kuongea peke yake, na ajue mapema ni yapi yatabaki siri na yapi hayatabaki.

Ushirikiano na jadi unaweza kufanywa vizuri. Daktari Thomas Adeoye Lambo aliufanya huko Aro, Nigeria, kuanzia mwaka 1954: wagonjwa waliishi na ndugu zao katika vijiji vya jirani, wakienda hospitali mchana kutibiwa, na waganga wa jadi walishirikishwa. Dawa na madaktari walikuwepo vilevile.

Wanaosema binadamu ni mmoja nao wana la kujibu. Kwa miaka mingi, kila penye maafa palipelekwa wataalamu wa kuwakalisha manusura katika kikao kimoja na kuwataka wasimulie yote waliyoyaona. Mapitio ya tafiti yalionyesha kwamba kikao cha namna hiyo hakizuii kiwewe cha kudumu, yaani jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha, na kwa wengine huenda kikazidisha hali. Shirika la Afya Duniani halikipendekezi; badala yake linashauri msaada wa kwanza wa kisaikolojia, yaani usalama, mahitaji ya lazima, kusikiliza bila kumlazimisha mtu kuongea, na kumuunganisha na watu wake. Kumbe kilichosafirishwa duniani kote kama sayansi hakikuwa kimethibitishwa hata kule kilikotoka.

Tukirudi kwenye swali la aina ya ugonjwa, mstari hauko mahali pamoja. Kwa skizofrenia dawa ni msingi karibu popote, na bado utamaduni hauko mbali. Mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann na wenzake waliwahoji wagonjwa 20 San Mateo, Marekani, 20 Accra, Ghana, na 20 Chennai, India, kuhusu sauti wanazosikia. Wamarekani wengi walieleza sauti za ukatili, kama vita ndani ya kichwa. Wa Accra wengi walisema ni Mungu, na mara nyingi wakaziona njema. Wa Chennai wengi walisikia ndugu zao wakiwakemea na kuwaelekeza. Matokeo hayo, ya mwaka 2015, hayaondoi haja ya dawa, ila yanampa mtaalamu sababu ya kuuliza sauti inasema nini na mgonjwa anaishi nayo vipi kabla ya kuitangazia vita.

Katika msiba, utamaduni unabeba uzito mkubwa zaidi. Miongozo miwili mikuu ya magonjwa ya akili inautambua ugonjwa wa majonzi ya muda mrefu, lakini haikubaliani hata juu ya muda. Ule wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika mwaka 2022, unaanzia miezi 6. Ule wa Marekani, katika toleo lake la mwaka huohuo, unataka miezi 12 kwa mtu mzima. Yote miwili inasema majonzi yawe yamepita kiasi kinachotarajiwa katika jamii ya mfiwa. Hapo mtaalamu asiyejua watu hao huombolezaje hana namna ya kutumia kigezo, hata akikikariri neno kwa neno.

Yapo mafunzo yanayojaribu kuziba pengo hili kwa kuwapa washauri orodha: watu wa jamii fulani hawapendi kutazamwa machoni, wa jamii nyingine huhitaji ushauri wa moja kwa moja. Siziamini. Kijana anaweza kutoka katika ukoo wa wacha Mungu na akataka mshauri asiyemtajia dini hata kidogo. Bora maswali 16 yaliyoongezwa katika mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013, yanayomuuliza mgonjwa mwenyewe shida yake anaielezaje, anadhani imesababishwa na nini, watu wake wa karibu wanaionaje, na amekwisha kutafuta msaada wapi. Yanachukua muda, na zahanati zenye foleni ndefu huyaruka. Hata manne tu, yakiulizwa kwa nia ya kusikiliza, humzuia mtaalamu kutibu ugonjwa wa kitabuni.

Linalonitia wasiwasi sasa ni jinsi mafanikio ya Uganda na Harare yanavyoanza kusomwa na wanaopanga bajeti. Kwa wastani serikali duniani hutenga takriban asilimia 2 tu ya bajeti zao za afya kwa afya ya akili, na habari kwamba bibi aliyefunzwa kwa muda mfupi anaweza kutibu sonona inavutia kwa sababu ni rahisi. Lakini utafiti wa Harare haukuwachukua watu wenye nia ya kujiua wala wenye saikosisi, yaani waliopoteza uwezo wa kutofautisha halisi na lisilo halisi. Hao walihitaji huduma nyingine, na benchi halikuwahi kudai kuwatosha. Mhudumu wa jamii anahitaji msimamizi anayekutana naye mara kwa mara, muuguzi wa kumpokea mgonjwa aliyezidiwa siku hiyohiyo, na daktari wa akili anayefikika na mwenye dawa kabatini.