Kukopi mandhari ya bingwa ni wizi au ni shule?

Mwanafunzi wa rangi za mafuta akionyesha mandhari aliyoikopi kutoka kwa msanii mkubwa, jibu huwa ni lile lile: huna ubunifu, toka nje uchore unachokiona. Wanaosema hivyo wana hoja na nitaifikia, ila naona wanasahau hao wabunifu wanaowasifia walipitia wapi.

Mchukulie Paul Cézanne, mchoraji Mfaransa. Mwaka 1872 alikuwa na miaka 33, keshachora muda mrefu, picha zake nzito na nyeusi nyeusi, nyingine rangi kaipaka kwa kisu. Akaazima kwa mchoraji mwenzake Camille Pissarro mchoro wake wa 1871 wa kijiji cha Louveciennes, akaukopi kwenye turubai dogo zaidi. Mtu mzima wa miaka 33 jamani, anakaa mbele ya kazi ya mwenzake anaifuata barabara kwa barabara, mti kwa mti! Na miaka ile aliyofanya kazi karibu na Pissarro ndiyo rangi zake zilipoanza kupata mwanga. Sisemi kopi moja ndiyo iliyofanya yote, maana walikuwa pia wanatoka kuchora nje, lakini huyu ndiye tunayemuita wa kipekee na hakuona aibu.

Ukiangalia mandhari kwa kuisifia tu unaona mti. Ukianza kuikopi ndio unalazimika kujiuliza anga ilipakwa kabla ya majani au baada, na vile vitundu vya anga katikati ya matawi viliachwa au vilirudishiwa juu ya kijani. Kivuli cha barabarani ulidhani ni kijivu, unachanganya nyeusi na nyeupe, unaweka, kinakaa kama uchafu, unarudi kuangalia vizuri unakuta mle ndani kuna bluu na zambarau. Kijani cha miti ya mbali nacho ukikitoa moja kwa moja kwenye tyubu kinaruka mbele, mpaka ukipoze kwa nyeupe na bluu na nyekundu kidogo. Hakuna maelezo ya mdomo yatakayokufundisha hivyo, na uzuri mafuta yanakauka polepole, unakwangua unajaribu tena jioni hiyo hiyo.

Sasa upande wa pili. Kazi ngumu ya mandhari ni kuchagua, manake huko nje kuna majani yasiyohesabika, nguzo za umeme, jua linahama na baada ya masaa mawili kivuli kiko kwingine, na kwenye mchoro wa bingwa hayo yote yameshaamuliwa. Anayekopi tu miaka na miaka akisimama shambani hajui aanzie wapi, hilo ni kweli kabisa. Halafu wengi tunakopi kwenye simu, unene wa rangi hauonekani na kila skrini ina rangi zake.

Lakini hiyo ni sababu ya kutoka nje pia, sio ya kuacha kukopi. John Constable, mchoraji Mwingereza, mwaka 1821 na 1822 alikuwa nje Hampstead anachora mawingu, na mwaka 1823, ana miaka 47, alikuwa nyumbani kwa Sir George Beaumont, mkusanyaji wa michoro, anakopi mandhari ya Claude Lorrain, bingwa wa karne ya 17, yenye mchungaji na mbuzi. Kwahiyo kopi, badilisha ukubwa wa turubai kama makumbusho ya Louvre ya Paris inavyowataka wanaokopi pale, jina la mwenye kazi liandike wazi, na kesho asubuhi beba turubai utoke.