Stesheni ya Kigoma: iwe maktaba au ibaki ya treni?

Tangu mkataba wa SGR, yaani reli ya kisasa, kipande cha Tabora hadi Kigoma usainiwe Desemba 2022, swali moja nimelisikia kijiweni zaidi ya mara moja: reli mpya ikija na stesheni yake, hili jengo la Mjerumani tutalifanyia nini? Wapo wanaotaka liwe maktaba kuu ya mji. Nami naelekea huko, ila si kwa pupa.

Reli ya Kati ilifika hapa 1914. Kuta za stesheni ni nene, na ina baraza yenye matao. Simama pale saa nane mchana jua likiwa kali: chini ya matao kuna kivuli, na upepo wa ziwa unapita bila feni. Nimemwona mwanafunzi mwenye sare amekaa juu ya gunia la dagaa, daftari magotini, anakokotoa hesabu huku mama yake akihesabu madumu ya mawese. Na vitabu vinataka kivuli hichohicho, maana karatasi ikipigwa na jua hugeuka njano na kukatikakatika.

Wanaopinga wana hoja nzito, tena nzito kwa kilo. Mahali penye rafu zilizojaa vitabu, sakafu hukadiriwa kubeba kilo 700 hivi kwa mita ya mraba, wakati ya ofisi hukadiriwa theluthi ya hapo. Ghorofa ya zaidi ya miaka 100 huwezi kuitwisha mzigo huo kwa kukisia. Isitoshe, taifa lilipotaka Maktaba Kuu lilijenga jengo jipya Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere akalifungua tarehe 9 Desemba 1967. Halafu kuna uchungu: wazee wetu wengi waliondoka na reli hii kwenda kuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kwenye mashamba ya mkonge. Hilo silibishi hata kidogo.

Ninachohofia ni jengo kukaa tupu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baada ya hapo husubiri tangazo la waziri. Paa likianza kuvuja halisubiri.

Kwa hiyo mhandisi aanze kwa kupima sakafu. Rafu zikae chini, juu ziwe meza za kusomea tu. Akikataa hata hivyo, vitabu vijengewe chumba kipya pembeni, baraza ibaki ya wasomaji, na mabenchi ya abiria yasiondolewe.