Njia ya Gwangju na kura tatu za Tabora

Mgeni anayeitafuta historia Tabora huelekezwa Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Akiwa na muda ataambiwa pia habari za misafara ya pembe na watumwa, na za Mtemi Isike aliyewasha baruti ndani ya boma lake Januari 1893, Wajerumani walipokuwa wamekwisha kuingia. Mara chache atasikia kwamba Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU uliketi katika mji huuhuu kuamua jambo lililobadili safari ya Tanganyika.

Serikali ya kikoloni ilitaka kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Ili uandikishwe, sharti uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotajwa. Wajumbe wengi walifika wakitaka kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki. Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye kufundisha St. Mary's hapohapo mjini, aliwashawishi washiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa TANU, akaunda chama cha African National Congress.

Natamani pawe na matembezi ya kuongozwa juu ya tukio hilo, na mji wa kujifunzia ninaoufikiria uko Korea Kusini. Tarehe 18 Mei 1980, siku moja baada ya jeshi chini ya Chun Doo-hwan kutandaza sheria ya kijeshi nchi nzima, wanafunzi wa Gwangju waliandamana. Walipigwa virungu na visu vya bunduki, na tarehe 21 umati ulimiminiwa risasi mbele ya ofisi ya mkoa. Kwa siku chache wananchi waliuendesha mji wenyewe, akina mama wa sokoni wakiwapikia vijana mabonge ya wali. Alfajiri ya tarehe 27 jeshi lilirudi na kuwaua baadhi ya waliokuwa wamebaki ndani ya ofisi ile. Leo mgeni huongozwa kutoka lango la Chuo Kikuu cha Chonnam hadi barabara ya Geumnam na makaburini Mangwol-dong. Lipo hata basi la kawaida la abiria, namba 518 (yaani Mei 18), linalopita karibu na vituo hivyo.

Faida ya kuvihifadhi ilionekana katika jengo la Jeonil mjini humo. Kwa miongo jeshi lilikana kwamba helikopta zilifyatua risasi mjini. Wataalamu walipochunguza ghorofa ya juu walikuta matundu yaliyoonyesha kuwa risasi zilipigwa kutoka angani. Hesabu ilifika 245, na baadaye ikawa 270. Chun alikuwa ameandika kwamba padri aliyeshuhudia helikopta hizo ni mwongo. Novemba 2020 mahakama ilimtia hatiani kwa kumkashifu marehemu huyo. Jengo lile lingebomolewa, ushahidi ungeondoka na kifusi. Jambo hilo peke yake lingetosha kunifanya niunge mkono matembezi ya namna hii.

Hata hivyo wanaoyatilia shaka wana hoja nzito. Mahali pa msiba pakishakuwa kituo cha wageni, watu hupiga picha wakicheka walipoanguka watoto wa wenzao. Pia serikali ikishika ukarabati hutengeneza inavyopenda. Kituo cha utamaduni cha Asia kilipojengwa Gwangju, ofisi ile ya mkoa ilibadilishwa kiasi kwamba familia za waliouawa ziliweka kambi mwaka 2016 kudai irudishwe ilivyokuwa. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko utalii wenyewe: mwenye mji kugeuka msikilizaji wa habari zake mwenyewe. Kisha Desemba 2020 bunge la Korea lilipitisha kifungo cha hadi miaka 5 kwa wanaoeneza uongo juu ya Mei 18. Ninaelewa uchungu ulioizaa sheria hiyo, maana wapo waliodai kuwa yote yalikuwa kazi ya wanajeshi wa Korea Kaskazini. Lakini mwongoza wageni anayesimulia kwa woga wa jela atachagua maneno, hata kwenye swali ambalo bado lina utata.

Tabora haikumwagika damu Januari 1958, na sitaki tujipachike msiba usio wetu. Kilichotokea hapa ni mabishano kati ya watu waliokuwa na lengo moja, na mabishano ni magumu kuyaonyesha, kwa kuwa hayaachi matundu ukutani. Ni rahisi sana mwongozaji kueleza upande ulioshinda tu: wagombea waliokuwa na baraka za TANU walizoa ushindi 1958 na 1959, uhuru ukaja 1961, kwisha. Mtemvu aligombea urais mwaka 1962 akapata chini ya asilimia 2, na ilipofika 1965 nchi ilikuwa ya chama kimoja kisheria. Aliyesema hapana alikosa chama na akakosa pia wa kumsimulia.

Kwa hiyo nayaunga mkono matembezi hayo kwa sharti moja. Fedha zinaweza kutoka manispaa, na vijana wa mjini wakapata riziki kwa kuwatembeza wageni kwa baiskeli, lakini maelezo yasiandikwe na chama chochote. Yaandaliwe na walimu wa historia pamoja na wazee waliosikia habari za mkutano ule kwa wazazi wao. Na kabla mgeni hajaambiwa wajumbe waliamua nini, asomewe masharti yale ya kura tatu, apewe hoja ya Nyerere na ya Mtemvu kwa muda uleule, kisha aulizwe yeye angepiga kura upande gani.