Mgonjwa wa akili apimwe pia mafuta ya damu

Hapa Tanga kijana akianza kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, swali la kwanza mtaani ni: nani kamtupia majini? Sina ugomvi na dua wala kombe. Ninachokataa ni imani kwamba maradhi haya yanaelea hewani, hayana makao mwilini.

Ngozi yenyewe inakanusha. Niasini, yaani vitamini B3, ikipakwa mkononi au ikimezwa kwa wingi, watu wengi huwaka: ngozi inapata joto, inakuwa nyekundu, inawasha. Seli za ngozi zikiguswa na niasini hutoa prostaglandini, zinazotengenezwa kutokana na asidi ya arakidoni, mafuta yaliyomo kwenye kuta za seli, na hizo ndizo hutanua mishipa midogo ya damu. Kwa baadhi ya wagonjwa wa skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, mwako huo ni hafifu. Mtafiti Mwingereza David Horrobin aliandika mwaka 1977 kwamba huenda ugonjwa huu unatokana na upungufu wa prostaglandini. Nadharia yake haijathibitika, lakini tofauti hiyo ya ngozi watafiti wameiona tena na tena.

Hicho si kipimo cha kumtambua mgonjwa. Wapo wagonjwa wanaowaka vizuri, na aspirini peke yake huuzima mwako. Tena kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Mpimaji anayetegemea macho tu anaweza kumwandika mtu asiye na ugonjwa kuwa hana mwitikio.

Wala msikimbilie duka la dawa kununua niasini. Daktari Abram Hoffer wa Kanada alitibu skizofrenia kwa niasini tangu miaka ya 1950, na majaribio ya wengine hayakumuunga mkono. Ni yeye huyo aliyeshiriki, mwaka 1955, kuonyesha kwamba dozi kubwa hushusha lehemu, yaani kolesteroli. Lakini dozi hizo zinaweza kuumiza ini na kupandisha sukari.

Mafuta ya damu ndiyo yanayoniuma zaidi. Olanzapini na klozapini, dawa za skizofrenia, hutuliza sauti, na kwa wengi huongeza njaa, uzito, sukari na triglisaridi, aina ya mafuta ya damu. Nyumbani tunashangilia: "Kanenepa, dawa imemkubali!" Hakuna anayeuliza kiuno kimefika wapi. Shirika la Afya Duniani linasema wenye skizofrenia wana uwezekano mara 2 hadi 3 zaidi wa kufa mapema, mara nyingi kwa maradhi ya mwili, yakiwemo ya moyo. Tunamwokoa mtu na sauti, halafu moyo unamchukua tukiwa tunatazama.

Mkoa huu haukosi uzoefu. Hospitali ya Lutindi, kule Korogwe, imewahudumia wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani. Kuongeza mizani, futi ya kupimia kiuno na kipimo cha damu kwenye kila kliniki ya akili ni jambo linalowezekana kabisa, na kutolifanya ni kumpa mgonjwa nusu ya matibabu.

Kwa hiyo mama, baba, dada unayemsindikiza mgonjwa wako kuchukua dawa: omba apimwe uzito, kiuno, presha, sukari na mafuta ya damu kabla hajaanza, kisha baada ya miezi 3, kisha kila mwaka. Majibu yakipanda, msimwachishe dawa wenyewe. Rudini kwa daktari mumuulize kama ipo nyingine ya kumbadilishia.