Shika Brashi Tu

Jamani, vijana wakienda semina wawe wanaishia huko huko. Mpwa wangu karudi jana na daftari jipya, kofia ya bure na maneno mengi. Kanikuta hapa barazani Ngamiani nimejipumzikia zangu, na shikamoo yenyewe kaitoa mbio mbio: "Shikamoo mjomba, mbona huu ukuta mpaka leo hujaupaka rangi?"

Mtu mzima huulizwa hivyo? Ukuta wenyewe unatazama barabara, Tanga nzima inaupita na baiskeli. Rangi imeshabanduka kwa chumvi ya bahari. Mama watoto keshasema, majirani washasema, hata mbuzi wa jirani akifika hapa husimama akautazama. Sasa na yeye.

"Tatizo lako si uvivu, mjomba. Unaiona kazi kubwa, inakutisha. Igawe vipande vidogo vidogo."

Nikanyamaza. Mtu akitangaza mbele za watu kwamba wewe si mvivu, mwache aendelee.

Akafungua daftari. "Hatua ya kwanza iwe ndogo mpaka uone haya kuikataa. Shika brashi tu. Usipake." Brashi iko stoo. Basi hatua ya kwanza ni kufungua stoo. Ufunguo kaufunga mama watoto kwenye pindo la kanga, na kanga imekwenda arusini Muheza. Basi ni kumpigia simu. Salio sina. Basi ni kununua vocha. Vocha ziko dukani pale kona, na mwenye duka ana daftari lenye jina langu, nene kuliko hilo la semina. Siku hizi nikitaka kwenda sokoni nazungukia msikitini nisimpite. Kijana akakata mistari yote, akaandika upya bila aibu: "Hatua ya kwanza ya kupaka rangi: kulipa deni la sukari."

Sukari! Nimekaa na ukuta mmoja kwa heshima zangu, sasa nina kazi tano na mdai juu!

Akaona nimenuna, akaniletea Mtaliano. Anaitwa Francesco Cirillo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi na masomo hayaendi, alichukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akaitega. Dakika 25 unafanya kazi, dakika 5 unapumzika. Ukishakwenda mizunguko minne, mapumziko yanakuwa marefu. Hapo nikakaa vizuri. Nikamuuliza kama sheria inakataza kuanzia na yale marefu.

"Mjomba!"

Nauliza tu. Akatega simu yake, na dakika 25 zote zikaishia kwenye kubishana vocha na deni kipi kinatangulia. Simu ikalia. Tukapumzika.

Halafu, kwa kuwa kasoma, akanitupia na reli. Eti hata reli yetu hii ilijengwa kipande kwa kipande. Ni kweli, Wajerumani walianza hapa Tanga 1893. Korogwe wakafika 1902. Miaka tisa, na katikati kampuni ikaishiwa fedha, mwaka 1899 serikali yao ikaichukua. Nikamwambia basi mimi niko ndani ya muda, niletee tu hiyo serikali ije iuchukue ukuta.

Na vipande navijua kuliko yeye. Mimi fundi baiskeli. Toa tairi, vuta tyubu, ijaze upepo, ichovye kwenye beseni, tafuta povu linapotokea, futa, kwangua, paka gundi, ngoja ikauke, bandika kiraka. Hakuna aliyenipeleka semina. Na pancha inaisha, kwa sababu mwenye baiskeli kanisimamia utosini na ana haraka. Ukuta wangu nani anausimamia? Kutwa nzima naziba za watu, magharibi narudi mgongo si wangu, maji yamekatika, madumu yananingoja mimi, umeme unaniambia uniti mbili, halafu mtoto niliyembeba mgongoni aniambie nishike brashi tu. Shika wewe! Una mikono, una kofia!

Kaondoka, kasema atarudi Jumamosi kuona "maendeleo". Karibu.

Hao wateja wenyewe nao siku hizi hawaonekani, maana turubai la shughuli ya jirani limefunga barabara tangu Ijumaa. Bajaji zinapita mtaa wa nyuma, baiskeli nazo huko huko, na huko nyuma kuna fundi mwingine, kijana tu, pampu yenyewe ya kuazima. Biarusi keshapelekwa kwa mumewe, turubai bado. Na pilau hatukuletewa. Mlango wa tatu, jamani! Harufu yote imepita kwangu!